Kutuma, Kutumika na Kujituma: Maneno ya Kiswahili katika Uchunguzi wa Kazi, Nyumba na Vyombo Vipya

Katika miongo ya karibuni wachunguzi wa mambo ya kazi wamependa mno kuuliza maswali matatu. La kwanza, je, mfanyakazi hugawaje saa zake na nguvu zake baina ya pale anapolipwa na pale anapolala? La pili, je, yu tayari kwa kiasi gani kuvipokea vyombo vipya vya kazi, yaani kompyuta, simu na mifumo ya kuhesabia na kuandikia? La tatu, ambalo ndilo shabaha ya hayo mawili, je, moyo wake umo kazini, au umo mwili peke yake?

Maswali hayo yana vipimo vyake mashuhuri. Jeffrey H. Greenhaus na Nicholas J. Beutell walieleza mwaka 1985 jinsi kazi na jamaa vinavyogongana: kwa saa, kwa uchovu, na kwa mwenendo, kwa kuwa tabia itakiwayo ofisini huenda isifae kitu nyumbani. William A. Kahn alieleza mwaka 1990 jinsi mtu anavyoweza kujitia mzima katika kazi yake, au kujiondoa ndani yake huku bado ameketi pale pale. A. Parasuraman alitoa mwaka 2000 kipimo cha utayari wa kupokea teknolojia, chenye vipengele 36, ambacho yeye na Charles L. Colby walikifupisha mwaka 2015 kikawa na 16. Katikati ya hao, mwaka 2002, Wilmar Schaufeli na wenzake walitoa kipimo kijulikanacho kwa jina la mji wa Utrecht, ambacho hutafuta kwa mfanyakazi mambo matatu: uchangamfu, moyo wa kuithamini kazi, na kuzama ndani yake.

Vipimo hivi vilienea duniani kwa lugha ya Kiingereza, na kwa lugha hiyo ndivyo vinavyofika Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Mchunguzi akifika penye watu wasiosoma Kiingereza kwa raha, hutafuta mtu wa kumgeuzia maswali, naye huyageuza kwa siku moja au mbili. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa mali ya wataalamu wa uongozi peke yao. Mfanyakazi hajibu wazo lililo katika kichwa cha mchunguzi; hujibu maneno aliyosomewa. Maneno hayo yakiwa na maana nyingine masikioni mwake, jibu lake ni jibu la swali jingine, nalo huhesabiwa, hugawanywa, huandikwa katika jedwali, na mwisho wake husemwa kwamba watu wa mahali fulani hawana moyo wa kazi. Hukumu kama hiyo si jambo dogo. Huweza kumnyima mtu mshahara mzuri, au kumweka chini ya msimamizi mkali zaidi.

Yafaa kuanza na neno lililo la kawaida kuliko yote, yaani kazi. Neno hili lina upana mkubwa na wembamba mkubwa kwa wakati mmoja. Kwa upana wake, kupika ni kazi, kuteka maji ni kazi, kulea ni kazi, na jambo lo lote gumu ni kazi: mtu akiona mlima mbele yake husema, "Hapa pana kazi." Lakini mtu aulizwapo, "Mama yako anafanya kazi wapi?" neno hilo hilo hupungua ghafula, likawa kazi ya mshahara tu. Jibu lisikikalo mara nyingi ni hili: "Hafanyi kazi, analima tu." Mama huyo ameamka kabla ya jua, amepalilia, amebeba kuni, amepika, lakini kwa kipimo cha swali hafanyi kazi. Kwa hiyo dodoso liulizalo kama kazi humzuia mtu asitimize mambo ya nyumbani kwake limekwisha kuamua, pasipo kusema, kwamba yaliyoko nyumbani si kazi. Msikilizaji aliye mwanamke huenda akalisikia kwa maana pana, na jirani yake aliye mwanamume akalisikia kwa maana nyembamba. Wote wawili wakajibu "ndiyo", na majibu yao yasiwe na uhusiano wo wote.

Neno la pili ni gumu zaidi. Katika maandishi mengi ya siku hizi pameingia usemi "uwiano wa kazi na maisha". Usemi huo umefuata sura ya Kiingereza, na katika Kiingereza una nguvu yake, kwani umekaa juu ya historia ndefu ya viwanda. Robert Owen alikuwa akidai tangu 1817 kwamba siku igawanywe mafungu matatu ya saa nane nane, na mapatano ya kwanza kabisa ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 1919, yalihusu saa nane za kazi kwa siku katika viwanda. Mtu aliyelelewa katika historia hiyo huona kazi upande huu na maisha upande ule. Mswahili wa kawaida haoni hivyo. Kijana atokaye Singida au Kisumu na kuingia mjini husema amekuja "kutafuta maisha", na maana yake ni kutafuta kazi. Asemapo "maisha yamekuwa magumu", huzungumzia bei ya unga na kodi ya chumba. Basi akiulizwa kama ana uwiano mzuri wa kazi na maisha, ni kama kuulizwa kama ana uwiano mzuri wa jembe na shamba. Atajibu kwa adabu, kwa kuwa hataki kumvunja moyo mgeni, na jibu lake litaandikwa.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina neno ambalo Kiingereza hakina, nalo ni shughuli. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo hubeba maana ya kazi na ya pilikapilika. Lakini katika mazungumzo ya Tanzania hubeba pia maana ya sherehe: harusi, arobaini, au unyago. "Kesho kuna shughuli kwa jirani" si habari ya ofisi. Mtu aliye na shughuli ana madai juu ya saa zake, na madai hayo ni ya haki sawasawa na ya mwajiri. Mazishi hayana ratiba, wala kutokuonekana msibani hakusamehewi kwa urahisi. Wachunguzi waliotunga vipimo vyao penye familia ya watu wanne walitaja mume, mke, watoto, na pengine wazazi wazee. Hawakumtaja shangazi, wala kamati ya harusi, wala chama cha kuzikana. Swali likiulizwa kwa neno shughuli, mambo hayo yote huingia ndani yake yenyewe, bila kuorodheshwa.

Hakuna haja ya kudhani kwamba jambo la kugawa siku baina ya mwajiri na nyumba ni geni katika nchi hizi. Maneno yenyewe yanashuhudia. Kibarua ni barua ndogo. Mtu wa kazi ya siku aliitwa hivyo kwa sababu alipewa cheti, akakirudisha alipolipwa. Karatasi ikawa jina la mtu, na hata leo aliyefukuzwa kazi husemwa kwamba kibarua chake kimeota nyasi. Kipande kilikuwa na maana mbili za uchungu. Nchini Kenya kilikuwa cheti cha utambulisho chini ya sheria ya 1915, alichovaa mwanamume Mwafrika shingoni ndani ya kikopo cha bati. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo mtu hakufanya kazi haikutiwa alama, wala haikulipwa. Lakini mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa mbinguni. Siku 30 hizo ziliweza kuchukua majuma mengi kuliko manne, na katika nafasi zilizobaki mtu alipalilia shamba lake, au alilala. Kazi ilikuwa ngumu na ujira mdogo, na hapana sababu ya kuusifu utaratibu huo. Hata hivyo ulikuwa na ufa, na katika ufa huo ndimo mfanyakazi alimopenyeza nyumba yake.

Habari ya bandari ya Mombasa ni wazi zaidi, na Frederick Cooper ameieleza kwa urefu katika kitabu chake cha 1987. Makuli wengi wa bandari walikuwa vibarua wa siku. Walipotaka walikwenda kupakua meli. Walipokuwa na shamba, samaki, au jamaa wa kutazama, hawakwenda. Ujira wa siku wa bandarini uliwatosha baadhi yao kuishi kwa kufanya kazi siku chache za mwezi. Wakuu wa serikali na wa makampuni walitazama desturi hiyo wakaiita uvivu, na baada ya migomo ya 1939 na ya Januari 1947 wakaona pia kuwa ni hatari. Katika miaka ya 1950 vibarua waliandikishwa, wakatakiwa kutimiza idadi fulani ya siku kila mwezi, na asiyetimiza akafutwa katika daftari. Kwa maneno ya leo, watu hao walikuwa wamejipatia wenyewe uwiano wa kazi na nyumba, wakanyang'anywa kwa jina la utaratibu. Wala haikuulizwa kama moyo wao ulikuwa kazini siku walizokuwako. Laiti ingaliulizwa, huenda jibu lingalikuwa la kushangaza, maana mtu aliyechagua siku yake si sawa na aliyeamriwa.

Tofauti hiyo, ya aliyechagua na aliyeamriwa, ndiyo ambayo Kiswahili huieleza vema kuliko lugha iliyotoa vipimo, nayo huieleza kwa mzizi mmoja tu: -tum-.

Mzizi huu ni wa Kibantu cha kale. Waonekana katika Kiganda -tuma, Kikuyu -tũma, Kizulu -thuma, na kote maana yake ni kumpeleka mtu kwa shauri la mwingine. Katika Kiswahili umezaa ukoo mkubwa. Atumwaye na Mungu ni mtume. Atumwaye na binadamu mwenzake, asiyekuwa na hiari, ni mtumwa, neno lililofanywa kwa kauli ya kutendwa. Kauli ya kutendeka yatoa tumika, yaani kuwa katika hali ya kutumwa, na kutoka humo latoka mtumishi, kwa k ya tumika kugeuka sh. Watu waliotumwa pamoja kutazama jambo ni tume. Basi chombo cha serikali ya Tanzania kiitwacho Tume ya Utumishi wa Umma kina mzizi huo mara mbili katika jina lake, na hakuna asikiaye kasoro. Kauli ya kutendesha yatoa tumikisha, ambalo ni neno la lawama: mtoto aliyetumikishwa ni mtoto aliyeonewa. (Tumai na tumaini hayamo katika ukoo huu, ingawa masikio huyavuta.)

Kisha kuna kauli ya kutendea, tumia, ambayo imekwenda njia mbili. Kwa njia ya kwanza ni kumpelekea mtu kitu: "Nitumie barua." Kwa njia ya pili ni kukifanyia kitu kazi, kana kwamba kisu au nyundo ni mtumwa wa mkono: kutumia kisu, kutumia akili, kutumia fedha. Kwa hiyo "alinitumia" ina maana mbili zilizo mbali sana, na mtu aliyedanganywa katika mapenzi hujua ni ipi anayokusudia. Mwisho wa orodha hii ni kauli ya kujirejea, jituma. Mtu anayejituma ni yule ambaye mwenye kutuma na mwenye kutumwa ni mmoja. Hangojei sauti ya nje. Wala hapana neno jingine la Kiswahili ambalo laonyesha kwa sarufi yake yenyewe kwamba amri imehama kutoka kwa bwana na kuingia moyoni mwa mfanyakazi.

Hapa ndipo pa kuutazama upya uchunguzi wa moyo wa kazi. Neno la Kiingereza engagement ndilo litumikalo pia kwa uchumba na kwa majeshi kukabiliana. Ndani yake mna kiapo na rehani. Wafasiri wa Kiswahili wamelijaribu kwa njia kadhaa. Wengine huandika "ushiriki wa wafanyakazi". Usemi huo ni safi, ila kwa Tanzania una historia: Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulihusu ushirikishwaji wa wafanyakazi katika uendeshaji, nao ndio uliozaa mabaraza ya wafanyakazi. Mtumishi wa makamo akiulizwa juu ya ushiriki wake kazini, atafikiri juu ya mkutano wa baraza na posho yake. Wengine huandika "kujitolea". Hilo ni tatizo kubwa zaidi. Kujitolea ni sifa, naam, na nchini Kenya husikika kwa maana ya kufanya kwa moyo wote. Lakini nchini Tanzania kijana aliyemaliza chuo akisema, "Ninajitolea hospitalini," maana yake ni kwamba anafanya kazi pasipo mshahara, akingoja siku atakapoajiriwa. Mwulize mtu huyo kama hujitolea katika kazi yake, atakujibu juu ya mfuko wake mtupu. Kipimo kitamhesabu kuwa na moyo mkubwa, au mdogo, na mara zote mbili kitakuwa kimekosea.

Kujituma halina matatizo hayo. Lakini lina lake, na si haki kulificha. Kwa kuwa ni sifa, kila mtu atapenda kudai anajituma, hasa akidhani kwamba dodoso litafika kwa mkubwa wake. Kwa hiyo neno hili halifai kuulizwa peke yake; lafaa kuulizwa pamoja na ndugu zake. Mtu anaweza kukataa kusema "sijitumi", lakini hatakataa kusema kwamba katika siku fulani alitumwa tu, au alitumikishwa. Methali "Mtumikie kafiri upate mradi wako" yathibitisha kwamba Waswahili waliijua zamani hali ya kufanya kazi vizuri pasipo kuipenda hata kidogo. Kahn alihitaji kurasa nyingi kuieleza hali hiyo.

Sehemu ya tatu ya kipimo cha Utrecht, yaani kuzama, nayo yataka uangalifu. Kiswahili hukubali kuzama kwa sifa: mtu huzama katika mawazo, huzama katika kitabu. Lakini baadhi ya maswali ya sehemu hiyo huchukulia kuwa ni alama njema mtu kusahau yanayomzunguka akiwa kazini. Karani aliyemwacha mtoto mwenye homa kwa jirani hawezi kusahau, wala hapendi kuonekana mtu wa kusahau. Akijibu "hapana", amejibu juu ya umama wake. Tena katika Kiswahili cha ofisini kauli ya kutendwa hutawala: nimebanwa, nimezidiwa, nimeelemewa, kazi imenimeza. Katika sentensi hizo zote mfanyakazi ndiye atendwaye, na kazi ndiyo itendayo. Mtu aliyemezwa na kazi na mtu aliyezama katika kazi wote wawili wamo ndani; tofauti ni nani aliyefanya kitendo. Dodoso lisiloisikiliza kauli ya kitenzi litawaweka katika safu moja.

Johannes Fabian alikwisha kuonyesha mwaka 1973, kwa wafanyakazi wasemao Kiswahili katika Katanga, kwamba neno kazi lenyewe lilikuwa na elimu nzima ndani yake, kwa jinsi waumini wa chama cha Jamaa walivyolitumia. Aliwasikiliza kwanza wakisema, kisha akapanga maana. Njia hiyo ni ya polepole, lakini haijapatikana nyingine iliyo bora.

Sasa vyombo vipya. Kipimo cha Parasuraman kina pande nne: mbili husukuma mtu mbele, nazo ni kuiamini teknolojia kwamba italeta mema, na tabia ya kutangulia wengine kuijaribu, mbili humrudisha nyuma, nazo ni kuona kwamba chombo kimemshinda, na mashaka juu yake. Mfasiri mwenye haraka huikuta hiyo tabia ya kutangulia akaiandika "ubunifu". Ubunifu ni kutunga kitu kipya, na mtu aliyekuwa wa kwanza mtaani kununua simu hakubuni kitu. Huikuta hali ya mashaka akaiandika "ukosefu wa usalama", na hapo mhojiwa hufikiri juu ya wezi wa usiku. Mashaka latosha, wasiwasi lafaa pia.

Utayari lenyewe ni neno zuri lenye mtego. Tayari, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya aliye radhi, na ya aliyeandaliwa, na tena ya jambo lililokwisha kutendeka. "Uko tayari kutumia mfumo mpya?" Mmoja husikia, Je, wakubali? Mwingine husikia, Je, wajua? Kipimo chenyewe hutafuta hilo la kwanza tu, mwelekeo wa moyo na si ujuzi. Mhasibu wa miaka 55 huenda akawa radhi kabisa na asijue, na kijana akajua kila kitu na asiwe radhi, kwa kuwa anajua mfumo huo utahesabu dakika zake za chai. Kuwachanganya hao ni kuwapeleka wote wawili mafunzoni, na mafunzo hayatamsaidia ila mmoja.

Kuhusu jina la chombo chenyewe hapana haja ya kukawia. Kompyuta, ngamizi na tarakilishi yameshindana kwa muda mrefu katika kamusi na madarasa. Mitaani limeshinda la kwanza, na katika dodoso yafaa liandikwe lililoshinda. Jambo lenye faida zaidi ni vile watu wanavyosema juu ya mfumo unaposimama. Katika madirisha mengi ya ofisi mteja huambiwa, "Mfumo umegoma." Kugoma ni neno la makuli wa Mombasa na Dar es Salaam, la watu walioweka mizigo chini wakadai haki, leo mgomaji ni mashine, na karani ndiye asimamaye mbele ya watu wenye hasira akiomba radhi kwa niaba yake. Lawama haimfikii aliyenunua mfumo.

Hapa mzizi -tum- warudi, na nguvu yake yote yaonekana. Uhusiano mwema wa mtu na chombo huitwa kutumia: mtu ndiye bwana. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007 mamilioni ya watu wasiopata kukaa mbele ya kompyuta wamekuwa watumiaji kwa maana hiyo kamili, wakituma fedha kwa vidole vyao, na hakuna aliyehitaji kuwapima utayari. Walikiona chombo kikifanya shughuli zao. Wataalamu waliofuata mfano uliotolewa na Evangelia Demerouti na wenzake mwaka 2001 hugawa mambo ya kazi mafungu mawili, yamlemeayo mtu na yamsaidiayo. Kiswahili chaweza kuyaita mzigo na nyenzo, na nyenzo ni neno barabara, kwa kuwa ndiyo miti iwekwayo chini ya kitu kizito ili kiende.

Lakini simu iliyo nyenzo mchana huweza kuwa msimamizi usiku. Mwalimu amekwisha kula, anakagua daftari la mwanawe. Ujumbe waingia katika kundi la ofisi: orodha yatakiwa kabla ya saa 1 asubuhi. Hapo hatumii simu, simu yamtuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya 2004, imeweka mpaka wa saa 45 za kawaida kwa juma na saa 9 kwa siku, imeagiza kazi ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida, na kazi ya usiku, tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ipate nyongeza ya asilimia 5. Hesabu hizo zilitungwa kwa mtu anayeingia langoni na kutoka langoni. Mwalimu huyu hakutoka nyumbani kwake. Ametumwa akiwa kitini, na hakuna kibarua kilichotiwa alama. Akiulizwa kesho yake kama yu tayari kwa teknolojia mpya, atakumbuka ule ujumbe; na akijibu kwamba ana mashaka nayo, jibu hilo ni la nyumba yake iliyoingiliwa, wala si la ujinga wa vyombo. Pande tatu za uchunguzi zilizotenganishwa katika sehemu tatu za dodoso zimekutana katika kitenzi kimoja.

Kwa sababu hiyo yaonekana kuwa ni bora maswali yatungwe upya kutoka ndani ya ukoo huo wa maneno kuliko kugeuzwa moja moja. Mathalani, badala ya kuuliza juu ya uwiano wa kazi na maisha, mtu aulizwe: katika juma lililopita, ni mara ngapi ulitumwa jambo la kazi ukiwa katika shughuli za nyumbani au za jamaa? Badala ya utayari: chombo hiki wakitumia, au ni kama chenyewe chakutuma? Na badala ya ushiriki: katika mambo uliyoyafanya juzi, lipi ulijituma na lipi ulitumwa? Maswali haya yana kasoro ya kutolingana na ya nchi nyingine, na mchunguzi anayetaka kulinganisha Mombasa na Utrecht atalalamika. Malalamiko yake ni ya haki. Dawa yake ni ya zamani: swali la Kiswahili lirudishwe katika Kiingereza na mtu wa pili asiyeliona la asili, kisha tofauti zijadiliwe wazi, wala zisifichwe kwa kulilazimisha neno. Nchini Kenya yafaa kujaribu kujibidiisha mahali pa kujituma, kwani huko ndilo lizoeleweko zaidi, ingawa hupoteza lile wazo la amri iliyohamia moyoni.

Pana jambo moja jingine ambalo halitangoja madodoso. Ufaransa ilitunga mwaka 2016 sheria ya kumpa mfanyakazi haki ya kutokushikwa na mawasiliano ya kazi nje ya saa zake, ikaanza tarehe 1 Januari 2017. Seneti ya Kenya nayo ililetewa mswada wa namna hiyo mwaka 2022. Tanzania, tangu marekebisho ya 2021, lugha ya sheria ni Kiswahili. Siku haki hiyo itakapoandikwa huko, mwandishi wa sheria atalazimika kuchagua kitenzi. Akiandika kwamba mfanyakazi hatalazimishwa "kupokea ujumbe" baada ya saa za kazi, mwajiri atajibu kwamba ujumbe hupokelewa na simu, si na mtu. Akiandika kwamba "hatatumwa", itabidi mahakama iamue kama ujumbe uliowekwa katika kundi la watu 40, usiotaja jina la mtu, umemtuma mtu au haukumtuma.